Msiuonee Ugali: Mwili Hupangwa Nyumbani

Kuna imani iliyokwisha kujikita mijini kwetu, kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa na Nairobi, kwamba mtu akitaka kupunguza mwili sharti afanye mambo mawili: aache ugali, kisha ajiandikishe jimu. Anayeamini hivyo haulizi ushahidi. Kaisikia kwa shoga yake, kwa kinyozi, kwa mwenzake wa ofisini, na kwa wanaouza chai za kuyeyusha tumbo na mikanda ya kubana kiuno. Imani hiyo imezaa desturi yake. Kila Januari watu huacha ugali, hulipa ada ya mwezi, hununua shayiri ya kopo na mbegu za chia. Ikifika Machi wamerudi walikokuwa, wengine na kilo za ziada, na wanajilaumu kwamba hawana nia.

Makala hii inaipinga imani hiyo tangu mzizini. Nashikilia kwamba ugali hauna kosa, kwamba jimu si sharti, na kwamba kinachotunenepesha kwa sehemu kubwa ni kula bila mpango, katika nyumba ambazo hakuna aliyewahi kukaa na wenzake wakakubaliana watakula nini wiki hii. Dawa yake ni ratiba ya chakula ya nyumba nzima, pamoja na mazoezi yanayofanyika kwenye sakafu ya nyumba hiyohiyo. Dawa hiyo haiuzwi, ndiyo maana haina wa kuitangaza.

Tatizo lenyewe ni la kweli, wala sitaki mtu aseme nalipuuza. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti kama huo nchini Kenya mwaka 2014 ulipata asilimia 33. Nyuma ya asilimia hizo kuna shinikizo la damu, kisukari, magoti yasiyopanda ngazi, na familia zinazouza kiwanja ili mzazi asafishwe damu kwa mashine. Kwa hiyo sibishani na anayesema tupunguze miili. Nabishana na njia anayotuonyesha.

Hoja dhidi ya ugali husemwa hivi: ugali ni wanga, wanga hugeuka sukari, na sukari hugeuka mafuta mwilini. Kila kipande kina chembe ya ukweli, lakini hitimisho lake limepotoka. Mwili hunenepa unapopokea nishati nyingi kuliko unayotumia, iwe nishati hiyo imetoka kwenye wanga, mafuta, nyama au pombe. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, sawa na gramu ya protini. Gramu ya mafuta ina kalori 9. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakiongozwa na Christopher Gardner, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 609 lililodumu miezi 12. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine lilipunguza mafuta. Waliopunguza wanga walishuka kwa wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, na kitakwimu tofauti hiyo haikuwa na uzito. Linalostahili kuzingatiwa ni yale ambayo makundi yote mawili yaliagizwa: kula mboga kwa wingi, kupunguza sukari na unga uliokobolewa, na kupika nyumbani kadiri inavyowezekana. Wakati sisi tunagombana kuhusu wanga, waliofanikiwa walikuwa jikoni kwao wakipika.

Tuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kilimanjaro na wanasayansi wa hospitali ya KCMC ya Moshi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Walishiriki vijana wa kiume 77 wenye afya njema. Baadhi yao, waliozoea chakula cha kijijini cha ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka, walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa Magharibi: soseji, mkate mweupe, vibanzi na vingine vya aina hiyo. Wengine, waliozoea chakula cha mjini, walirudishwa kwenye chakula cha asili. Kwa wale wa kwanza, dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani zilipanda katika damu. Uvimbe huo ndio unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Kwa wale wa pili dalili zilishuka. Wiki mbili tu zilitosha, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Chakula kilichowafaa vijana wale kilijaa wanga. Anayemwambia mtu wa Moshi, Mbeya au Kisumu kwamba afya yake iko kwenye pakiti iliyoagizwa ng'ambo anamwondoa kwenye kinga aliyozaliwa nayo.

Basi kama si ugali, ni nini? Ni vile vinavyouzunguka ugali bila kuhesabiwa, na cha kwanza ni mafuta. Tuseme nyumba ya watu 5 humaliza lita moja ya mafuta ya kupikia kwa siku 3. Lita hiyo ina kalori zaidi ya 8,000. Igawanye kwa watu na kwa siku, utaona kila mmoja anapata kama kalori 550 kila siku kutokana na mafuta peke yake. Hizo ni sawa na ugali wa gramu 150 za unga, yaani sahani ya mtu mzima. Kila mmoja pale mezani anakula sahani ya pili ya ugali asiyoiona, imejificha ndani ya mchicha, ndani ya maharage, ndani ya chapati. Nyumba hiyo ikipanga lita moja idumu wiki nzima, kila mtu atabaki na kalori 240 hivi za mafuta kwa siku. Kalori 300 zimeondoka bila mtu kulala na njaa, bila kumfukuza ugali mezani, na pesa ya mafuta imepungua kwa zaidi ya nusu.

Cha pili ni sukari ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa bora zaidi isizidi asilimia 5, ambazo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 25 hivi. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, vinafikisha gramu 36. Chupa ya soda ya mililita 350 inakaribia kiasi hichohicho. Kwa hiyo mtu aliyekunywa chai yake ya asubuhi, ya saa nne na ya jioni, akateremshia chakula cha mchana kwa soda, amekula karibu gramu 70 za sukari kabla hajagusa andazi wala kitumbua. Kisha usiku anausukuma ugali pembeni, akiamini amejinyima.

Cha tatu ni namna tunavyopakua. Sahani yetu ya kawaida ina mlima wa ugali au wali, na pembeni kijiko cha mboga na vipande viwili vya kitoweo. Wataalamu wa lishe wanashauri mpango mwingine: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, robo iliyobaki iwe maharage, samaki, mayai au nyama. Bonge la ugali linabaki, ila limepunguzwa, na nafasi yake imechukuliwa na mchicha, matembele, kabichi, sukuma wiki, mlenda au kachumbari. Tukila dona badala ya sembe tunarudishiwa pumba na kiini vilivyoondolewa mashineni, pamoja na nyuzinyuzi zinazomfanya mtu ashibe mapema na kushiba kwa muda mrefu. Ulezi na mtama vinafanya kazi hiyo pia. Huo ndio ukomo wa mashtaka ya haki dhidi ya ugali: umekobolewa mno na umepakuliwa mno. Yote mawili hurekebishwa na mpishi, bila duka.

Hapa ndipo ninapojibiwa kwamba chakula bora ni ghali. Hoja hii nawaheshimu wanaoitoa, kwa sababu wengi wao wanaishi kwa kipato cha siku. Lakini tuipime kwa bidhaa zilizopo genge la mtaa wowote. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini na gramu 15 hivi za nyuzinyuzi. Katika dagaa waliokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito ni protini. Kunde, choroko, mbaazi, karanga na mayai viko sokoni mwaka mzima. Anayeshindana na vyakula hivi kwa ubora ni samaki aliyesafirishwa kwa ndege na unga wa protini wa kopo, navyo ndivyo ghali. Linganisha pia na tunachokula leo. Chipsi mayai na soda kila jioni, maandazi na chapati za kununua kila asubuhi, na biskuti za watoto vikijumlishwa mwisho wa mwezi, nyumba nyingi zitagundua kwamba kula ovyo ndiko kunakokausha mfuko.

Gharama ya kweli ni muda na nishati ya kupikia. Maharage yanataka mkaa au gesi, na mama aliyetoka kazini saa kumi na mbili jioni hawezi kuanza kuyachemsha. Hapo ndipo mpango unapofanya kazi ambayo nia peke yake haiwezi. Maharage yakilowekwa usiku wa Jumamosi, yanaiva Jumapili kwa moto mchache. Yanachemshwa ya siku tatu, yanahifadhiwa, na kila jioni kinachobaki ni kuunga kwa kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mafuta. Asiye na friji achemshe ya siku moja na kesho yake asubuhi, ayapashe moto mpaka yachemke kabla ya kula. Mwenye duka hangojei mteja aombe sukari ndipo aende kuinunua ghalani, lakini sisi hungoja njaa ifike ndipo tuulize tupike nini. Swali hilo likiulizwa saa moja usiku na watu waliochoka, jibu huwa lilelile: mpeni mtoto hela akanunue chipsi.

Kwa hiyo ratiba ninayoitetea ni nyepesi. Mwisho wa mwezi, au siku ya mshahara, zinunuliwe nafaka na mikunde: dona, mchele, maharage, choroko, karanga, dagaa. Siku moja ya wiki iwe ya sokoni, kwa viazi vitamu, vitunguu, nyanya, karoti, kabichi, ndizi na matunda ya msimu. Mboga za majani zinunuliwe gengeni siku ya kupikwa. Juu ya karatasi iliyobandikwa jikoni ziandikwe siku saba, na kila siku milo yake. Kwa mfano Jumatatu asubuhi ni uji wa ulezi na yai, mchana ni wali na choroko na kachumbari, usiku ni ugali wa dona, dagaa na matembele. Jumanne viazi vitamu vinachukua nafasi ya mkate. Ijumaa, kwa nyumba za pwani, pilau au wali wa nazi una nafasi yake, na hakuna haja ya kuufuta. Mpango unaofuta pilau la Ijumaa na nyama ya sikukuu hautafika mwezi wa pili. Unaojua kwamba Ijumaa kuna pilau utapanga Alhamisi na Jumamosi ziwe nyepesi.

Sasa tuje kwenye jimu. Wanaoamini kwamba bila mashine hakuna matokeo wangesoma historia fupi ya elimu hii. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kitini siku nzima. Makondakta, watu wa mabasi yaleyale, walipanda na kushuka ngazi za basi wakikusanya nauli. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Ngazi hizo hazikuwa za jimu. Nusu karne baadaye, mwaka 2002, Marekani ilitoa matokeo ya jaribio kubwa la kuzuia kisukari lenye washiriki 3,234 waliokuwa katika hatari ya kuugua. Kundi lililobadilisha mlo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hasa kwa kutembea kwa kasi, lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin waliipunguza kwa asilimia 31. Miguu na sufuria viliishinda dawa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo huo umeondoa hata sharti la zamani la kuhesabu vipindi vya kuanzia dakika 10. Kila mwendo unahesabika. Kufua kwa mikono, kupiga deki, kubeba maji na kupanda ngazi vinaingia kwenye hesabu, ilimradi pumzi inakwenda kasi. Kwa hiyo mama anayeambiwa kwamba hafanyi mazoezi kwa sababu hajiandikishi popote anaonewa.

Ila hapa lazima niwageukie pia wale wa upande wangu, wanaosema kazi za nyumbani zinatosha na kukimbia kutaondoa kitambi. La kwanza ni kosa kwa sababu misuli huimarika pale mzigo unapoongezeka kidogo kidogo, na ndoo ya kufulia haiongezeki. La pili ni kosa kubwa zaidi. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania. Wanaume wa Kihadza hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku wakiwinda na kulina asali, na wanawake huchimba mizizi kwenye ardhi ngumu. Hata hivyo, ukishazingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku ilikuwa karibu sawa na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili una namna yake ya kubana matumizi mtu anapozidisha kazi. Na Wahadza hao, wanaoishi kwa mizizi, matunda, ubuyu, asali na nyama ya porini, kwa kawaida hawanenepi.

Somo liko wazi. Uzito huamuliwa zaidi na sahani, na uimara wa moyo, misuli, mifupa na usingizi huamuliwa zaidi na mazoezi. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa huunguza kama kalori 150, na soda moja baadaye inazirudisha zote. Ndiyo maana anayelipa jimu bila kupanga chakula huona kitambi kiko palepale baada ya miezi mitatu. Na anayejinyima chakula bila mazoezi hupungua, lakini sehemu ya anachopoteza ni misuli, akabaki mchovu na dhaifu. Vitu hivi viwili havitenganishwi, na vyote viwili vina makao nyumbani.

Mazoezi ya nyumbani ninayoyatetea yanatosha dakika 20 hadi 30. Dakika tano za mwanzo ni za kupasha mwili kwa mchakamchaka wa papo hapo. Tanzania hii, wengi wetu tuliuimba shuleni alfajiri kabla hatujajua neno jimu. Kisha kuchuchumaa na kusimama mara 10 hadi 15, mgongo ukiwa umenyooka na visigino chini. Kisha pushapu: asiyeweza sakafuni aanzie ukutani, ahamie ukingo wa kitanda au meza imara, ashuke sakafuni miezi ikienda. Kisha kulala chali na kuinua nyonga, kisha planki, yaani kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, kwa sekunde 20, kisha kupanda na kushuka kizingiti au ngazi. Mzunguko huo urudiwe mara mbili au tatu, siku tatu za wiki, na siku zilizobaki ziwe za kutembea. Uzito wa kunyanyua upo kila nyumba: dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, la lita 10 ni kilo 10, na anayezidi nguvu aongeze maji. Mashine ya jimu haina siri inayopita hiyo. Siri ni kwamba wiki hii ufanye kidogo zaidi ya wiki iliyopita.

Nyumba ina faida nyingine ambayo watoza ada hawaitaji. Wanawake wengi, hasa pwani, hawawezi kukimbia barabarani bila maneno ya vijana wa kijiweni, na jimu nyingi zimejaa macho. Chumbani, ukumbini au uani, akiwa na kanga yake na binti zake, mwanamke hufanya mazoezi kwa uhuru. Mzee wa miaka 65 anayeona haya kuchechemea mbele ya vijana naye hupata faragha yake. Wanaopenda kundi wana klabu za jogging za Dar es Salaam na vikundi vya mazoezi vya Unguja, navyo havidai mashine ya mtu. Sina ugomvi na mwenye uwezo wa kulipa jimu na mwalimu mzuri wa kumsahihisha. Ugomvi wangu ni na anayefanya uwezo huo kuwa sharti la afya, kwa sababu amewafungia nje watu wengi wa nchi hizi.

Imebaki hoja inayoniudhi kuliko zote: kwamba anayeshindwa kupungua hana nia. Hoja hiyo huangukia zaidi wanawake, na ina ukatili ndani yake. Tazama jinsi nyumba zetu zinavyoendeshwa. Mama anaambiwa apunguze mwili. Wakati huohuo anatakiwa ampikie mume chapati, awakaangie watoto viazi, aandae chai yenye sukari ya wageni, kisha yeye peke yake akae pembeni na sahani ya kabichi. Analala akiwa amenusa mafuta siku nzima. Hata mtu mwenye nia ya chuma hashindi vita ya namna hiyo kila siku kwa mwaka mzima. Tatizo si nia yake, ni kwamba amepewa ratiba ya mtu mmoja katika sufuria ya watu wengi. Chakula cha Kiafrika hupikwa cha nyumba. Basi na mpango uwe wa nyumba. Maharage yenye kijiko kimoja cha mafuta yatamfaa mama anayetaka kupungua, baba mwenye shinikizo la damu, bibi mwenye kisukari, na mtoto anayekua ambaye ataongezewa yai na parachichi.

Hilo linawahusu wanaume moja kwa moja. Baba anayechelewa kurudi, akala nyama choma na bia njiani, kisha akadai chakula cha usiku kilichojaa mafuta, ndiye anayeivunja ratiba ya wote. Mwanamume anayejua bei ya mafuta ya gari ajue na bei ya maharage. Aende sokoni, aloweke kunde, afanye mchakamchaka ukumbini na watoto wake. Wapo watakaosema jikoni si mahali pake. Kisukari hakiulizi mahali pa mtu.

Vilevile tuwajibu wanaotuambia kwamba unene ni neema, na kwamba kukonda ni dalili ya dhiki au ugonjwa. Najua kauli hiyo inatoka wapi. Kizazi kilichozika jamaa waliokonda kwa UKIMWI kabla dawa hazijapatikana kina sababu ya kuogopa mashavu yaliyobonyea. Lakini hofu ya miaka ile isiwe sheria ya leo. Hatumwambii mtu awe mwembamba kama picha ya gazetini. Kipimo kiko mikononi mwake: achukue uzi wenye urefu sawa na kimo chake, aukunje nusu kwa nusu, auzungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Uzi ukikutana, yuko pazuri. Usipokutana, ana kazi ya kufanya. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, ilipendekeza mwaka 2022 kipimo hichohicho, kwamba kiuno kisizidi nusu ya kimo. Mtu mpana wa mifupa aliyepimwa hivyo hasumbuliwi bure, na mwembamba mwenye kitambi hajifichi.

Anayefuata njia hii ategemee kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na wiki nyingine asipungue kabisa. Anayeahidi kilo 10 kwa siku 10 anauza maji na misuli ya mnunuzi. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu azungumze kwanza na daktari, kwa sababu mlo ukibadilika dozi nayo huenda ikahitaji kubadilishwa. Na serikali zetu zisijifiche nyuma ya jikoni zetu. Kigali imekuwa ikifunga barabara zake kwa magari baadhi ya Jumapili tangu mwaka 2016 ili watu watembee na kukimbia. Miji yetu mingine ingali inaruhusu viwanja vya watoto kuzungushiwa uzio na kujengwa maduka, na njia za waenda kwa miguu kugeuzwa maegesho. Hayo tuyadai kwa sauti. Lakini tusingoje yatimie ndipo tuloweke maharage.

Nawaomba wasomaji jambo moja linaloweza kuanza Jumapili hii. Nyumba yote ikae pamoja, wakubwa na watoto, iandike milo ya siku saba, iamue lita ya mafuta itadumu siku ngapi na kilo ya sukari wiki ngapi, na itaje siku tatu za mazoezi pamoja na saa zake. Atakayepika ajulikane, atakayekwenda sokoni ajulikane, na asiwe mtu mmoja kwa kazi zote. Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu kabla ya kulipa ada yoyote, na kabla ya kununua kopo, chai au mkanda wowote. Kama baada ya hapo viuno havijapungua, nendeni jimu na baraka zangu. Naamini wengi hamtakwenda, kwa sababu mtakuwa mmekwisha kuona kwamba mlichokuwa mkiuziwa mlikuwa nacho. Na ugali utakuwa bado uko mezani, bonge dogo la dona, mboga zikiwa zimeuzidi.